Kutafakari na Kuzingatia: Maneno Mawili katika Kazi ya Tabibu wa Nafsi

Miaka michache iliyopita nililetewa kijitabu kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, nikaombwa nikisome na kukisahihisha lugha yake kabla hakijapigwa chapa. Kijitabu chenyewe kilitungwa kwa ajili ya washauri wawasikilizao watu wenye majonzi, hofu na kukosa usingizi katika zahanati, na sehemu yake moja ilieleza jinsi mshauri apaswavyo kujitunza na kujiendeleza katika kazi yake. Humo mlikuwa na sentensi iliyosema kwamba mshauri na ajizoeze kutafakari kila siku kwa muda wa dakika ishirini, na kisha amfundishe mgonjwa kutafakari vivyo hivyo. Niliipitisha sentensi hiyo bila ya kusita. Kutafakari ni neno zuri, la zamani, limo katika kamusi zetu zote, na wafasiri wengi hulitumia. Nilisahihisha vituo viwili vitatu, nikaurudisha mswada.

Baadaye nilialikwa kwenye mafunzo ya washauri hao katika mji mmoja wa pwani ili niwaeleze habari za istilahi. Nilipokwisha kusema, mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa mkunga kabla hajaingia katika ushauri, alinijia wakati wa chai. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema: "Mwalimu, usinione mkosefu wa adabu. Mtu anakuja kwangu ananiambia, mama, nina mawazo, silali. Mimi nimwambie nenda ukatafakari? Si nitakuwa nimemwongezea?" Akanieleza kwamba alikwisha kumwambia hivyo mwanamke mmoja, kama kijitabu kilivyoagiza, naye yule mwanamke alirudi baada ya wiki moja akasema kuwa ametafakari kila usiku kama alivyofundishwa, na sasa hata ule usingizi kidogo wa alfajiri umempotea.

Sikuwa na jibu. Kosa lile lilikuwa langu mimi niliyesahihisha, wala si la mama yule aliyetii maandishi. Makala haya yametokana na swali lake. Nataka kueleza kazi ya tabibu wa nafsi ni ipi, kwa nini hatakiwi kuacha kujifunza, na kwa nini wengi wa matabibu hao hufanya mazoezi ya utulivu ambayo kwa Kiswahili tumeyapa jina lisiloyafaa.

Kwanza jina la mwenye kazi. Tunalo neno mganga, litokanalo na kitenzi ganga, yaani kufunga na kuunga kilichovunjika. Kwa maana yake ya asili neno hili lingefaa kupita yote, lakini lina wenyewe. Msikiaji aambiwapo mganga huona kilinge, ubani na hirizi. Neno mshauri limeenea sana siku hizi, walakini lina dosari moja kubwa: mshauri ni mtoa shauri, na kazi hii kwa sehemu yake kubwa si kutoa shauri bali ni kumsikiliza mtu mpaka yeye mwenyewe asikie anachosema. Mwanasaikolojia ni jina la mwenye elimu fulani, nalo halisemi kama mwenye elimu hiyo hutibu au hafundishi ila darasani. Mimi nimechagua kusema tabibu wa nafsi. Mwenye neno bora na alilete. Yule anayetibiwa nitamwita mgonjwa, ijapokuwa wengi hupenda kumwita mteja. Neno mteja lilikuwa la waganga kabla halijawa la wenye maduka, maana mteja alikuwa mtu aliye chini ya uganguzi, na kwa hiyo lingeweza kurejeshwa kwao kwa haki. Lakini katika miji yetu teja limekuwa jina la kumdharau mtu aliyetawaliwa na dawa za kulevya, na sidhani kuwa itampendeza mtu aliyejitoa huko kwa taabu kuitwa jina hilo tena mlangoni mwa zahanati.

Wazo kwamba tabibu wa nafsi hana budi kujishughulikia mwenyewe ni la zamani kama kazi yenyewe. Sigmund Freud wa Vienna, katika maagizo aliyowaandikia matabibu mwaka 1912, aliwataka wamsikilize mgonjwa kwa usikivu ulioenea sawasawa, usioshika neno moja na kuliacha jingine, na akawaonya wasiandike andike mgonjwa asemapo, kwa sababu mwenye kuandika hukwisha kuchagua. Palepale alisema kwamba tabibu asiyeijua nafsi yake hataweza kusikia kwa mgonjwa lile ambalo yeye mwenyewe amelifungia mlango. Zahanati ya Berlin, iliyofunguliwa mwaka 1920 na Max Eitingon na Karl Abraham, iliifanya rai hiyo kuwa taratibu ya mafunzo yenye sehemu tatu: mwanafunzi atibiwe yeye kwanza, asome elimu yenyewe, kisha awatibu wagonjwa wake wa mwanzo huku akiwasimulia kwa tabibu mkubwa kuliko yeye. Vyuo vingi vya tiba ya namna ile vinafuata mfano huo hata leo. Na mwaka 1937, akiwa mzee wa miaka themanini na mmoja, Freud aliandika kuwa tabibu hata akiisha kuhitimu yafaa arudi tena kutibiwa kila baada ya miaka mitano hivi, wala asione haya.

Mimi jambo hili nililiona kwa macho kabla sijalisoma. Nilipokuwa London nikiandika tasnifu yangu, nilipanga chumba katika nyumba ya mama mmoja ambaye kazi yake ilikuwa hiyo. Umri wake ulikuwa umepita miaka sitini, na alikuwa ameifanya kazi ile zaidi ya miaka thelathini. Kila asubuhi kabla ya saa moja aliketi juu ya mto mdogo akielekea ukuta mtupu kwa nusu saa, hasemi, hasomi, hasogei. Nami mgeni nilidhani ameondokewa na mtu. Kisha kila Alhamisi ya pili alivaa koti lake akapanda basi kwenda kwa mzee mwenziwe, akarudi baada ya saa mbili. Siku moja nilimwuliza anakwenda kusoma nini. Alinijibu kwamba anakwenda kusema yale ambayo hakuyasikia. Sikumwelewa, nikadhani Kiingereza changu kimenipotea.

Ziara zile za Alhamisi hazikuwa hiari yake tupu. Katika Uingereza, chama kikubwa cha washauri na matabibu wa nafsi kinamtaka kila mwanachama aliyepewa ithibati aonane na mtu wa kumwangalia kazi yake kwa muda usiopungua saa moja na nusu kila mwezi, na sharti hilo halimwachi mkongwe wala mchanga. Katika jimbo la California nchini Marekani, matabibu wa ndoa na jamaa hutakiwa kumaliza saa 36 za masomo kila miaka miwili, la sivyo leseni haifanywi upya. Kenya nayo ilipitisha sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka 2014, ikaunda bodi ya kuwaandikisha. Saa zahesabiwa na vyeti vyatolewa.

Lakini je, kuhesabu saa kwamfanya tabibu awe hodari? Hapa ndipo penye jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini. Mwaka 2016 ulichapishwa huko Marekani uchunguzi juu ya matabibu 170 na wagonjwa wao 6,591, uliofuata kazi yao kwa miaka mingi. Mtu angetazamia kuwa tabibu wa mwaka wa kumi huwafaa wagonjwa wake zaidi ya alivyowafaa katika mwaka wa kwanza. Haikuwa hivyo. Kwa wastani, kadiri miaka ilivyozidi matokeo hayakupanda, bali yalishuka, ijapokuwa kwa kiasi kidogo mno. Walikuwapo waliopanda, lakini hawakupanda kwa sababu ya umri wa kazi peke yake. Jambo hili halitamshangaza mtu aliyefundisha. Sote twawajua walimu wenye uzoefu wa miaka ishirini ambao kwa kweli ni uzoefu wa mwaka mmoja uliorudiwa mara ishirini, na sina hakika kuwa mimi si mmoja wao.

Kinachomwendeleza mtu, kama K. Anders Ericsson na wenzake walivyoonyesha mwaka 1993 walipowachunguza wanafunzi wa fidla mjini Berlin, ni mazoezi yaliyokusudiwa: mtu kuichukua sehemu ndogo asiyoiweza, kuirudia mbele ya mwenye kujua, na kuambiwa palepale alipokosea. Mpiga fidla ana bahati, kwa maana husikia kosa lake. Tabibu wa nafsi hufanya kazi ndani ya chumba kilichofungwa, na anachomsimulia mwangalizi wake baadaye ni kile alichokikumbuka, na alichokikumbuka ndicho alichokisikia. Lile lililompita limekwenda.

Njia ya kulikamata ilianza kutumiwa na Carl Rogers alipokuwa Chuo Kikuu cha Ohio State. Yeye na wanafunzi wake walinasa mazungumzo ya tiba katika sahani za santuri, jambo lililokuwa zito kwa vyombo vya wakati ule, na katika kitabu chake cha mwaka 1942 alichapisha matibabu kamili ya mtu mmoja neno kwa neno tangu mwanzo hata mwisho, chini ya jina lisilokuwa lake. Kwa mara ya kwanza watu wa nje waliweza kuona tabibu alisema nini hasa, mbali na kile alichoamini kuwa amekisema. Sisi wataalamu wa lugha twaijua sana adhabu hiyo. Hakuna anayenukuu sauti yake mwenyewe kutoka katika kinasa sauti asione kwamba amemkatiza msemaji mara kumi, na kwamba swali aliloliona fupi lilikuwa na vishazi vitano.

Kwa idhini ya wenyewe nimepata kuyasikiliza mazungumzo ya mazoezi ya washauri wetu, ambamo mmoja huigiza mgonjwa na mwingine tabibu. Sikuyapima kwa takwimu, ila mambo matatu yalijirudia hata sikuweza kuyapuuza, na yote matatu ni ya Kiswahili chenyewe, ambayo hakuna kitabu cha London kitakachomfundisha mtu.

La kwanza ni neno pole. Kwetu sisi kulinyima pole ni ukosefu wa utu; mtu akijikwaa tu barabarani hupewa pole na asiyemjua. Lakini pole ikitolewa mapema hulifunika jambo. Aliyekuwa akiigiza mgonjwa alisema, "Tangu mume wangu aondoke...", na kabla hajamaliza akapewa "Pole sana mama, pole, Mungu atakujaalia." Naye kwa adabu akajibu, "Ahsante, nimeshapoa," na pale ndipo mazungumzo yalipokufa, kwa sababu mtu aliyekwisha kusema kuwa amepoa hawezi tena kueleza jinsi anavyoungua. Mshauri hakuwa mkatili. Alikuwa mwungwana kupita kiasi. Mama yule mkunga, tulipolizungumza jambo hili, alisema yeye huiweka pole yake mpaka mtu aishe kulia, ndipo huitoa, nayo huwa na uzito.

La pili ni haya. Msikilizaji wa Kiswahili huonyesha kuwa yuko pamoja na msemaji kwa ehe, naam, mmh. Hizo humwambia endelea. Lakini haya, hasa ikitamkwa kwa sauti ya kushuka, humwambia yatosha, tuhamie jambo jingine. Niliwasikia washauri wakiitumia pale hasa ambapo habari ilianza kuwa chungu, nao wenyewe walipoisikia katika kinasa sauti hawakuamini.

La tatu ni ila. Salamu zetu zinamlazimisha mtu ajibu vyema kwanza. "Habari za nyumbani?" "Nzuri." Hata mwenye maiti ndani hujibu kuwa ni salama, kisha husema, "ila tumefiwa." Habari ya kweli huja nyuma ya ila, na mara nyingi huja baada ya kimya kidogo. Tabibu aliyezoea kuandika "nzuri" katika fomu na kuingia swali la pili hatapata kuisikia ila hiyo kamwe. Kuingojea si ufundi wa maneno. Ni kukaa ukanyamaza huku moyo haujakimbilia kwenye swali lijalo, wala kwa mgonjwa aliye nje kwenye benchi, wala kwa karo ya watoto.

Haya basi yanatufikisha kwenye ule mto mdogo na ule ukuta mtupu wa London.

Zoezi alilokuwa akilifanya mwenye nyumba wangu limetoka kwa Wabudha, na maelezo yake ni mafupi. Mtu huketi, huelekeza usikivu wake kwenye pumzi iingiapo na itokapo. Baada ya muda si mrefu wazo huja na kumchukua. Akitambua kuwa amechukuliwa, hashindani na wazo wala halifuati wala hajilaumu. Huliacha, hurudi kwenye pumzi. Litakuja jingine, atarudi tena. Yamkini katika nusu saa atarudi mara mia, na kule kurudi ndiko zoezi lenyewe. Msomaji ataona mara moja kwamba hilo ni kinyume cha kutafakari. Tafakari, kutoka Kiarabu tafakkur, ni kulishika wazo na kuligeuza geuza hata lizae jingine. Zoezi hili ni kuliona wazo na kuliachia.

Katika lugha ya Kipali, ambayo ni lugha ya maandiko ya Wabudha wa Ceylon na Burma, sifa inayolelewa na zoezi hilo huitwa sati. Neno hili ni ndugu wa smriti la Kisanskriti, na maana yake ya asili ni kukumbuka. T. W. Rhys Davids, Mwingereza aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni huko Ceylon na kujifunza Kipali, alilifasiri mwaka 1881 kwa neno la Kiingereza mindfulness, nalo ndilo lililoenea duniani. Jambo la kupendeza ni kwamba dhikri, neno ambalo kila mtu wa pwani analijua, nalo asili yake ni kukumbuka. Mataifa mawili yasiyohusiana kwa lugha wala kwa dini yaliliita zoezi la moyo kwa jina la kumbukumbu, kana kwamba ugonjwa wa moyo ni usahaulifu.

Tena si Wabudha peke yao waliotenga kuangalia na kufikiri. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aligawa kitabu chake kikubwa Ihya Ulum al-Din katika sehemu 40. Sehemu ya 38 ni ya murakaba na muhasaba, yaani kuichunga nafsi wakati itendapo na kuihesabia baada ya kutenda. Sehemu ya 39 ndiyo ya tafakuri, ambayo yeye aeleza kuwa ni kuleta maarifa mawili moyoni ili yazae la tatu. Mwanachuoni huyo hakuyachanganya mambo hayo, bali aliyapa kila moja nafasi yake. Kwa Wakristo pia, Ignatius wa Loyola katika karne ya 16 aliwafundisha wafuasi wake kuipitia siku yao adhuhuri na jioni, nalo ni jambo jingine mbali na kuyawaza maandiko. Naeleza haya kwa sababu washauri wetu, Waislamu na Wakristo, huuliza kwa haki kama kuketi kwa kuangalia pumzi ni ibada ya watu wengine. Kwa asili yake lilikuwa zoezi la dini, na si vizuri kulificha hilo. Lakini tabibu anayeona uzito anayo milango ndani ya nyumba yake mwenyewe, wala haoni haja ya kuazima ya jirani.

Matabibu wa nafsi walianza kulichukulia zoezi hilo kwa uzito katika nusu ya pili ya karne ya 20. Mwaka 1957 Erich Fromm aliitisha mkutano huko Cuernavaca, Mexico, akamwalika D. T. Suzuki, mwanachuoni wa Kijapani, wakae na matabibu na kujadiliana. Wilfred Bion, Mwingereza aliyezaliwa India, aliandika mwaka 1967 kwamba tabibu aingie kwa mgonjwa bila ya kubeba kumbukumbu ya jana wala tamaa ya kesho. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza katika hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester, mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyopona. Kisha Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale, waliotafuta njia ya kuwazuia watu waliokwisha kupona huzuni kubwa wasirudi tena ndani yake, walikwenda Worcester kujifunza. Walidhani watachukua ufundi na kuondoka. Waliambiwa kuwa asiyelifanya zoezi yeye mwenyewe hawezi kulifundisha, nao kwa kusitasita wakaketi. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2000 yalikuwa makubwa: miongoni mwa watu waliopata kuugua mara tatu au zaidi, waliotibiwa kwa desturi ya kawaida walirudi katika ugonjwa kwa asilimia 66, na waliopata mafunzo hayo kwa asilimia 37.

Na mgonjwa je, hupata faida tabibu wake aketipo? Huko Ujerumani ulifanywa uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007, juu ya wanafunzi 18 wa tiba na wagonjwa 124 waliolazwa. Kwa kura, baadhi ya wanafunzi walifundishwa kila asubuhi na mwalimu wa Zen na wengine hawakufundishwa; wagonjwa hawakuambiwa. Wagonjwa wa wale walioketi walipata nafuu zaidi. Wanafunzi kumi na wanane si wengi, na uchunguzi uliofuata haukutoa jibu lililo wazi namna hiyo. Kwa hiyo sipendi kuona watu wakiuza zoezi hili kama dawa ya kila kitu. Mimi nalitetea kwa sababu ndogo kuliko hiyo: ndiyo njia pekee niijuayo ya kujizoeza kuingojea ila.

Turudi kwenye neno. Mama yule mkunga alikuwa na haki kuliko alivyojua, maana si Waswahili peke yao wanaouita ugonjwa huu mawazo. Mjini Harare, ambako tabibu Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi kumi na wanne wa mtaa wa Mbare kuwasikiliza wagonjwa juu ya benchi nje ya zahanati, ugonjwa wenyewe huitwa kwa Kishona kufungisisa. Funga kwa Kishona ni kufikiri, na kiambishi kile chenye kurudiwa huongeza nguvu: kufikiri kupita kiasi. Katika lugha kama hizo mbili, kumwagiza mgonjwa atafakari ni kumnywesha maji aliyezama.

Yapo maneno mengine. Umakini una harufu ya chumba cha mtihani. Utulivu ni mzuri, nao ni jamaa ya tua, kuweka mzigo chini; lakini utulivu ni tunda, si tendo, na mtu akiamriwa atulie huzidi kuhangaika. Lipo taamuli, ambalo wasomi wanalijua na zahanati hailijui. Mimi naelekea kwenye kuzingatia. Kitenzi hiki chaelekea kuwa jamaa ya zinga, zingira na zunguka, nacho kina umbo lilelile la kumbatia: shina, kisha -at- ya kushika iliyomo katika kamata na fumbata, kisha -i- ya kutendea. Kwa hiyo kuzingatia ni kukizunguka kitu na kukishika bila ya kukibana, na katika kuzunguka mna kurudi. Twasema mtu azingatie aliyoambiwa, yaani ayakumbuke, asiyaache yampite. Kumbukumbu, kurudi na kushika, yote matatu yamo. Sikatai kwamba neno hili limechakazwa na matangazo ya ofisini, ambamo kila siku twaagizwa kuzingatia masharti. Neno lililochakaa laweza kufuliwa likarudi kuwa jipya, lisilofaa halifuliki.

Na tafakari isitupwe, kwa maana inayo kazi yake. Tabibu akiwa na mgonjwa huzingatia. Mgonjwa akiisha kutoka, tabibu hutafakari: nilimkatiza wapi, haya yangu ilitoka kwa nini, pole ile ilikuwa ya nani, yake au yangu niliyeogopa kuona machozi? Tafakari hiyo huenda mbali zaidi mbele ya mwenziwe. Hapa pana neno jingine linalonisumbua, usimamizi, ambalo ndilo vitabu vyetu vinavyolitumia kwa zile ziara za Alhamisi. Msimamizi husimama, na wengine huinama na majembe. Nimeliona lina madhara: washauri wachanga waambiwapo kuna msimamizi huleta kazi zao nzuri na kuficha zile mbaya, ambazo ndizo zenye faida. Ningependa tuseme ulezi wa kazi, ijapokuwa mzee wa miaka sitini hataona raha kuitwa mwenye kulelewa. Pwani tulikuwa na somo, mwenye kumfunda mwari na kuwa msiri wake maisha yote, ambapo wawili hao huitana jina hilohilo moja. Lingefaa mno, lakini shule imekwisha kulichukua. Swali hili naliacha wazi kwa wasomaji wa jarida hili.

Kijitabu kilipigwa chapa ya pili. Katika sura ya mshauri, kutafakari kumebaki kwa ajili ya baada ya kazi, na kuzingatia kumewekwa kwa ajili ya asubuhi na ya ndani ya chumba. Ukurasa wa mgonjwa nilimpelekea mama yule mkunga. Alifuta istilahi zangu zote mbili kwa kalamu ya risasi, akaandika juu yake kwamba mtu aambiwe akae kitako, avute pumzi taratibu, mawazo yakija ayaache yapite kama watu wapitao barazani, wala asimwite hata mmoja kuingia ndani. Ukurasa huo ulichapishwa kama alivyouandika.